Kipindi cha Kungoja

Suti alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali kubwa, mkono wa kushoto umezama katika mfuko wa suruali, akiibembeleza ngiri yake irudi ndani, ndipo alipouona utajiri ukipita mbele ya macho yake umevaa kandambili.

Utajiri huo ulikuja kwa umbo la mwanamke mnene mwenye haraka. Foleni ya dirisha la malipo ilikuwa imejikunja kama nyoka aliyeshiba, lakini yule mama hakuitazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja hadi dirishani, akaonyesha kadi ndogo, akagongewa muhuri, akapita kwa daktari. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Yule ni nani?" akauliza mzee aliyeketi karibu na Suti. "Mke wa mkubwa?"

"Ana bima, baba," akajibu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Bima ndiyo nini hasa?"

"Unalipa ukiwa mzima, ili ukiugua usilipe."

"Na nisipougua?"

"Basi umeliwa."

Mzee akawaza, akakuna kidevu. "Naitaka," akasema.

Maneno hayo yalimwingia Suti kama dawa. Hapa ni lazima msomaji aelezwe kwamba jina la Suti hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mitaa mbalimbali aliyoikimbia, kwa sababu alikuwa na suti moja ya kijivu aliyoivaa jua liwake au mvua inyeshe. Ndani ya suti hiyo alikwisha kuuza viwanja vya watu wengine, mafuta ya kuotesha nywele kwa wenye upara, na nafasi za kazi katika meli ambayo haikupata kuguswa na maji, maana haikupata kuundwa. Kila mradi ulimpa chakula cha muda na sababu ya kuhama. Lakini sasa alikuwa na kivimbe kinenani, asubuhi limau, jioni chungwa, na daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka: "Hii inataka kisu, bwana. Siku ikinasa, hutakuwa na nafasi ya kujadiliana." Halafu akamtajia gharama ya upasuaji. Suti aliinuka kwa hasira ili aondoke, na ngiri ikamketisha tena.

Ukutani palikuwa na rafu ya vijitabu vya kampuni za bima. Suti akavichukua vyote, akarudi chumbani kwake akavisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Ndipo akakutana na maneno mazuri kuliko yote aliyopata kusoma maishani: kipindi cha kungoja. Yaani mwanachama mpya analipa leo, ila hatibiwi mpaka miezi kadhaa ipite. Chini yake palikuwa na maneno mengine yasiyopungua uzuri: ugonjwa uliotangulia mkataba haulipiwi.

Suti akakifunga kijitabu taratibu, kwa heshima. Miaka yote hiyo alikuwa akiiba kama mtu asiyekwenda shule, akipokea fedha na kutoroka kabla ya kupambazuka. Kumbe kuna watu wanaandika kwenye karatasi inayong'aa kwamba leta fedha, usituulize kitu kwanza, na mteja anatia sahihi na kushukuru.

Wiki iliyofuata kampuni ya Afya Tele ilizaliwa, ikiwa na mkurugenzi mmoja, wakala mmoja na mhasibu mmoja, wote wakilala katika kitanda kimoja, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya seremala, upande wa pili wa mji ambako suti ya kijivu haikuwa inajulikana. Kadi zilichapishwa kwa fundi wa mihuri. Masharti Suti aliyaandika mwenyewe, akiyatia Kiswahili kizito ili yaonekane ya kweli. Mpango ulikuwa rahisi: miezi sita ya kungoja, miezi mitano ya kukusanya, kisha upasuaji wa ngiri kwa fedha taslimu, na mtu mwenye mshono mpya apotee mjini.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa kibaraza cha fundi cherehani mmoja aliyeitwa Mama Sindano. Alikwenda kumshonesha mfuko, akabaki kumuuzia bima.

Mama Sindano alikuwa mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliigeuza suruali ya suti nje-ndani, akaitazama dhidi ya mwanga. Suti alikuwa ameketi ndani ya kanga aliyoazimwa, amevaa koti na tai, na kwa hali hiyo bado alijitahidi kuonekana wakala.

"Wa kulia mzima," akasema mama, "huu wa kushoto umelika kutoka ndani. Unafuga nini humu, kaka?"

"Funguo tu."

"Funguo hazitoki jasho."

Suti akaibadilisha mada upesi. "Bima, mama yangu, ni kama nguo. Mtu akikuambia chukua hii, inamfaa kila mtu, jua haimfai yeyote. Lazima upimwe. Una watu wangapi nyumbani? Mnaumwa nini mara kwa mara? Hospitali ipi iko karibu nanyi? Bima inayolipia hospitali ya ng'ambo ya mji, hiyo ni bima ya mwenye teksi."

Mama Sindano, pini midomoni, akacheka kwa puani. Na hapa haki itendeke: kila alichosema Suti kilikuwa kweli. Yeyote anayetaka kununua bima angefanya vyema kumsikiliza kwa makini, ila asimpe fedha.

Mteja mwingine alikuwa amekaa pale akingoja suruali yake ipunguzwe. Huyu aliitwa Bwana Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye alipima misumari kwa mzani na kuondoa mmoja baada ya kupima. Alisogeza kigoda.

"Mimi nataka ile kubwa," akasema. "Inayolipa kila kitu. Ya mke wangu iwe ndogo."

"Ndogo kiasi gani, mzee?"

"Ya mafua."

"Shemeji!" Mama Sindano akatoa pini mdomoni. "Dada yangu analalamika mgongo tangu mwaka juzi."

"Ule si ugonjwa. Ule ni tabia." Akamgeukia Suti, akapunguza sauti. "Mpwa wangu nikimwandika kama mtoto wangu?"

"Kampuni haipendi kuchungulia familia za watu."

"Na hiki kisukari changu?"

"Kisukari gani?" akauliza Suti, akimtazama usoni bila kupepesa.

Bwana Misumari akafikiri. Uso wake ukakunjuka pole pole. "Sina kisukari," akasema.

"Ndivyo ninavyokuona, mzee. Afya tele."

Wakapeana mikono kama watu wawili waliotendeana wema, kila mmoja akiamini amemlaza mwenzake chali.

"Masharti je?" akauliza Mama Sindano.

"Mawili tu. Kipindi cha kungoja, miezi sita. Na ugonjwa uliotangulia mkataba haulipiwi."

"Kwa nini?"

"Mtu akishalowa, mama, hawezi kununua mwavuli na kumdai muuzaji nguo kavu."

Mama Sindano akaitikia kwa kichwa kama anayeyaweka maneno hayo mahali. Alijinunulia bima ya wastani, akamshonea Suti mfuko mpya kwa kitambaa cha turubai. "Huu hautalika," akasema. "Fuga unachofuga."

Habari zikaenea. Kinyozi alinunua. Muuza mitumba alinunua. Seremala mwenye nyumba alinunua, Suti akamlipa kodi kwa fedha zilezile, na kwa mwezi mzima walidhani kila mmoja anamfadhili mwenzake. Kila jioni Suti alisukuma mbao pembeni, akafukua bati la biskuti, akatia alichokipata. Bati likazidi kuwa zito, na ngiri nayo haikubaki nyuma. Limau la asubuhi lilianza kuamka likiwa chungwa.

Mwezi wa tatu ulipofika, Mama Sindano akaja karakanani akiwa na kidole kimefungwa bandeji nyeupe safi.

"Kaka wakala, Mungu akuzidishie," akasema. "Sindano ya cherehani iliingia huku ikatokea kule. Nimekwenda zahanati ya Sista, pale kona ya kiwanda cha sabuni. Nikaonyesha kadi yako, Sista akasema ajali haingoji miezi sita. Nimesafishwa, nimechomwa sindano, nimepewa dawa. Sikutoa hata senti."

Suti akamtazama kama mtu aliyesikia mzoga ukimsalimia.

"Walikutibu? Kwa kadi ya... kwa kadi yetu?"

"Kwani ina kasoro?"

"Kasoro? Ah! Nashangaa ulichelewa kwenda."

Mama alipoondoka, Suti akaketi kwenye rundo la maranda. Alikuwa amezoea kila aina ya mteja: anayelia, anayetukana, anayekuja na ndugu zake wenye marungu. Mteja mwenye shukrani hakumjua. Akatia mkono katika mfuko wa turubai, akaenda kuona kwa macho yake.

Sista alikuwa nesi mstaafu, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, na zahanati ya vyumba viwili iliyonukia dawa ya kusafishia sakafu. Suti alimkuta akipanga chupa.

"Afya Tele?" akasema. "Laiti zingekuwa zote kama Afya Tele! Hawa wengine nawaandikia barua mpaka kalamu inakauka, hawalipi. Afya Tele, napeleka madai Jumatatu, nalipwa Ijumaa. Wewe ndiye wakala wao wa mtaa huu? Mbona unatoa macho? Wakala mzima hujui kampuni yako?"

"Naijua sana," akasema Suti. "Ninafurahi tu kuisikia ikisifiwa."

Alirudi kwa hatua fupi, akili ikimzunguka. Alilala chali kitandani akalipanga jambo kama mtu msomi. Fedha zile zote alikuwa nazo yeye, kwa hiyo si yeye aliyelipa. Kama si yeye, basi kuna mwingine. Kama kuna mwingine, basi mahali fulani mjini, katika jengo lenye lifti, ipo Afya Tele ya kweli, na yeye kwa bahati tu ameokota jina lenye mwenyewe! Maana yake wale watu wote aliowaingiza mjini hawakuingizwa popote. Wana bima. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Suti aliingiwa na hofu kwamba amekuwa mwaminifu.

Mtu wa kawaida angefunga virago palepale. Lakini ngiri ilimpiga kumbo, ikamtia wazo. Siku mbili baadaye alirudi kwa Sista akijifanya kupita tu.

"Umekuja wakati mzuri," akasema Sista. "Mkurugenzi anapita Alhamisi. Anakuulizia. Anasema kuna wakala huku anauza kuliko ofisi nzima, na hajamwona sura. Nadhani anataka kukupa uwakala mkuu."

Suti akameza mate. "Na hawa wafanyakazi wa kampuni... kwa mfano tu, Sista... wakitaka upasuaji?"

"Wanalipiwa."

"Nao wana kipindi cha kungoja?"

"Wafanyakazi?" Sista akacheka mpaka chupa zikagongana. "Mtu asubiri kula katika nyumba yake mwenyewe?"

Alhamisi, katika chumba cha nyuma cha zahanati, Suti alikutana na Mkurugenzi, na kilichomshinda nguvu si maneno. Ni suti. Ilikuwa ya buluu iliyokolea, mabega yamekaa kama yamechorwa, na suruali yenye mkunjo mkali kama makali ya panga. Mbele ya suti ile, ya Suti ilionekana gunia lililohudhuria mazishi. Maisha yake yote alitegemea kwamba watu humwamini mtu kwa nguo zake. Hakupata kufikiri kwamba na yeye ni watu.

"Kijana wetu!" Mkurugenzi akanguruma, kwa sauti inayofika viti vya nyuma. "Nyumba hii unaitegemeza kama nguzo! Lakini nguzo, ndugu yangu, husimama juu ya msingi. Wako uko wapi?"

"Msingi?"

"Dhamana. Wakala mkuu anakabidhi ada zote alizokusanya, na juu yake anaweka chake kidogo, kuonyesha imani. Tunamrudishia mwisho wa mwaka, imenenepa."

"Labda niweke nusu kwanza, mheshimiwa..."

Mkurugenzi akamgeukia Sista kwa upole wenye huzuni. "Yule bwana mwingine bado yuko nje?"

"Yuko, anangoja," akasema Sista.

Nje hapakuwa na mtu ila kuku, lakini Suti hakuchungulia. Alikwenda karakanani karibu mbio, mkono mfukoni, akafukua bati la biskuti akalileta lote kama lilivyo. Akapewa kadi ya dhahabu yenye jina lake, na mkataba wa kurasa kadhaa.

"Ungependa kuusoma?" akauliza Mkurugenzi.

"Mheshimiwa," akasema Suti, akijinyoosha, "mimi ndiye ninayewafundisha watu kusoma mikataba."

Akatia sahihi.

Asubuhi iliyofuata, alikuwa hospitali kubwa. Hakuitazama foleni. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaweka kadi ya dhahabu kwa vidole viwili, kama alivyomwona yule mama wa kandambili. Keshia akaigeuza, akaigeuza tena.

"Afya Tele? Haipo hapa."

"Mwite mkubwa wako, dada."

Mkubwa akaja. Naye hakuijua. Akapiga simu mahali, akarudi. "Mzee, kampuni hii haipo popote. Umeibiwa. Pole sana. Foleni inaanzia kule mlangoni."

Ngiri ikamchoma ghafla. Suti akajikokota hadi zahanati, akisema moyoni kwamba Sista atalitatua, Sista analipwa kila Ijumaa. Alipopinda kona ya kiwanda cha sabuni akasita. Kwenye benchi la kibarazani walikuwa wameketi kinyozi, muuza mitumba, seremala, na mbele yao Bwana Misumari akiwa amekunja mikono ya shati. Mama Sindano alikuwa kwenye kigoda, anapindia kitambaa, kidole chake hakina bandeji wala kovu. Na pembeni, amevaa fulana iliyotoboka, anapulizia chai, alikaa Mkurugenzi.

"Karibu, wakala mkuu," akasema Sista. "Tulikuwa tunakungoja."

Suti akawatazama mmoja mmoja. Miguu yake, iliyokuwa na uzoefu mwingi wa kukimbia, safari hii ilikataa; kila alipotaka kutimka, kinena kilimshika kama mkono wa askari.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema Mama Sindano, akimwonyesha Mkurugenzi kwa sindano. "Mshereheshaji wa harusi. Suti ni ya bwana harusi wa Jumamosi, niliishona kwa wiki nzima, nikamwazima kwa saa moja. Umeiona mishono ya mabega?"

"Nimeiona," akasema Suti kwa sauti ndogo. Alikuwa mtu wa kukiri kazi nzuri.

"Kadi yako nilimletea Sista wiki moja kabla ya ile bandeji. Anazijua kampuni zote, maana zote zinamdai subira. Yako haikuwepo. Tukasema twende polisi. Sista akasema, fedha zetu zikiingia kituoni kama ushahidi, zitakufa zikiwa ushahidi."

"Niachieni mimi dakika moja tu!" Bwana Misumari akasimama.

"Keti, shemeji. Ukimvunja mbavu itabidi alazwe, na nani atalipa? Hana bima."

Benchi zima likacheka, na Bwana Misumari akaketi, ngumi bado zimefumbwa. Hasira zake zilikuwa na sababu ya pili. Watu wote walikuwa wamerudishiwa ada zao, Sista akiwa amekata kidogo ambacho alikiita gharama za ofisi, na hakuna aliyethubutu kuuliza ofisi ipi. Lakini fungu la Bwana Misumari Mama Sindano alilipeleka nyumbani na kumkabidhi mkewe, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amekwenda kuonyesha mgongo kwa daktari, kwa teksi.

"Nami je?" Suti akasema. "Mlichukua na changu. Mlichukua cha upasuaji. Sista, wewe ni nesi. Hii kitu ikinasa, nitakufa."

Sista akauchukua mkataba wa Suti, akavaa miwani, akausoma kwa sauti ya ofisi.

"Ugonjwa uliotangulia mkataba haulipiwi. Ngiri hii umekuwa nayo tangu lini?"

"Sista..."

"Mfuko wake ulikuwa umelika kutoka ndani kabla hajaniuzia kadi," akasema Mama Sindano. "Mimi ni shahidi."

"Basi imetangulia." Sista akapindua ukurasa. "Na kuna kipindi cha kungoja. Sharti gumu sana. Lakini limeandikwa Kiswahili kizuri, aliyeliandika ni mtu hodari."

Suti akaketi mwisho wa benchi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Seremala akasogea kumpisha.

Sista akavua miwani. "Hospitali kubwa, siku ya Jumanne, wanawapasua wasio na uwezo. Unaandikwa jina, unangoja zamu. Huwa miezi sita hivi. Nitakuandikia barua, bure. Zamu kuiruka siwezi."

"Na kabla ya hapo? Ikitoka nje?"

Mama Sindano akakata uzi kwa meno, akainuka. Kitambaa alichokuwa akipindia muda wote kilikuwa mkanda wa turubai nene, mshono mara mbili, wenye mto mdogo wa pamba na vifungo viwili vya chuma. Akavuta futi shingoni.

"Simama, kaka. Inua koti."

Suti akasimama mbele ya wateja wake wote, akainua koti la kijivu. Futi likazunguka kiuno, likashuka kinenani, likarudi. Mama Sindano akamfunga mkanda, akasogeza kifungo kimoja, akavuta, akabana. Ngiri ikarudi ndani kimya, kama mtoto aliyekemewa.

"Inauma?"

Suti akapumua hadi chini. Akapiga hatua moja, akapiga nyingine. Polepole akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akautazama kama mgeni.

"Haiumi," akasema. "Imenikaa."

"Lazima ikukae. Nimekupima," akasema Mama Sindano, akamnyoshea kiganja. "Ni kazi ya mkono, kaka. Kwa kuwa fedha huna, acha koti."